Abu Rayhan al-Biruni na Tone Lililogoma Kutoka



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Lumino, wilaya ya Busia upande wa Uganda, kwenye barabara inayoteremka kwenda Majanji ziwani. Mjomba wangu ni mmoja wa wale wanaokwenda kuchimba dhahabu Tiira. Mwezi ule alirudi na kipande kidogo cha gramu 2, akakipeleka mjini kwa wanunuzi wawili. Wote walikipima kwa njia moja: kwanza hewani, kisha kikiwa kimening'inia kwa uzi ndani ya maji, ili wajue ni dhahabu tupu kiasi gani. Wa kwanza alitumia bakuli pana. Wa pili alitumia bilauri nyembamba, na jibu lake likatoka chini kuliko la mwenzake. Mjomba aliporudi kwa yule wa kwanza alikuta amekwisha funga duka. Ada ya shule ya watoto ilikuwa inasubiri, basi akauza kwa bei ya chini.

Usiku, baada ya swala ya Isha, tulikaa nje naye akaeleza anavyoona yeye. Uso wa maji una kitu kama ngozi. Kila mtu amewahi kuona mdudu akitembea juu ya dimbwi bila kuzama. Sasa, kwa hesabu yake, ngozi hiyo ikiwa ndani ya chombo chembamba hukazwa zaidi, kama ngozi ya ngoma ndogo inavyokazwa, na kwa hiyo bilauri ile iliibeba dhahabu yake na kuifanya ionekane nyepesi. Akanigeukia mimi msomi wa chuo anithibitishie. Nasoma masomo ya dini. Nilisema Wallahu aalam, naye akacheka, lakini mimi sikucheka. Swali la haki katika mizani lilikuwa limeletwa mbele yangu na mtu wa damu yangu, nami sikuwa na la kusema.

Niliporudi chuoni nilianza kutafuta. Nilichokuta ni kwamba mwanachuoni mmoja wa Kiislamu alipambana na jambo la jirani kabisa na hili miaka 1000 iliyopita, akiwa na dhahabu mkononi, maji na chombo. Ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake tunalisikia kwenye mihadhara, mara nyingi katika orodha ndefu ya majina ya kujivunia. Leo tuyasome maisha yake kwa utulivu.

Mtoto wa Khwarizm

Al-Biruni alizaliwa mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, Kath, mji mkuu wa Khwarizm wakati ule. Eneo hilo leo liko Uzbekistan, karibu na mto ambao Waarabu waliuita Jayhun. Habari za wazazi wake ni chache mno. Hakuwa mtoto wa nasaba inayojulikana, lakini Mwenyezi Mungu alimjaalia mwalimu: Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtaalamu wa hesabu na mtu wa ukoo uliokuwa ukitawala Khwarizm. Kwake alijifunza hesabu na elimu ya nyota. Alipofika umri wa miaka 17 hivi, umri wa kijana wa kidato, alikuwa tayari amepima kimo cha jua na kupata latitudo ya mji wake.

Utulivu huo haukudumu. Mwaka 995 watawala wa Gurganj, mji mwingine wa Khwarizm, waliupindua ukoo wa mwalimu wake. Kijana wa miaka 22 akakimbia nchi. Alifika Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa hana kitu. Yeye mwenyewe ameandika kwamba huko alimkuta mjuzi mmoja aliyepingana naye katika jambo la elimu na kumdharau kwa sababu ya ufukara wake. Hali yake ilipotengemaa, mtu yule yule akawa rafiki. Wangapi kati yetu wameonja hilo, wakitoka vijijini kuja kukaa darasa moja na watoto wa mjini? Al-Biruni hakumjibu kwa matusi. Aliiandika habari hiyo kama funzo, akaendelea na kazi.

Tarehe 24 Mei 997 tunamkuta tena Kath. Usiku ule mwezi ulipatwa. Alikuwa amekubaliana na Abu al-Wafa, mwanahesabu aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja atazame akiwa mjini mwake na kuandika saa. Walipolinganisha nyakati zao walipata tofauti ya longitudo kati ya miji miwili iliyo mbali sana. Hawakuwa na simu wala saa za mkononi. Walikuwa na ahadi, na kila mmoja aliitimiza ahadi yake.

Maswali ya chupa na maji

Katika miaka hiyo aliandikiana na kijana mwingine aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kama saba: Ibn Sina. Al-Biruni alimpelekea maswali 18, mengi yakiwa ya kuyahoji mafundisho ya Aristotle. Mengine yalihusu chupa na maji. Aliuliza kwa nini chupa ya mviringo iliyojaa maji safi hukusanya mwanga wa jua hadi kuunguza, na ikiwa na hewa tupu haiunguzi. Aliuliza pia kwa nini chupa iliyojaa maji hupasuka maji yakiganda, wakati watu husema kwamba baridi hupunguza vitu, na kwa nini barafu huelea.

Tazama aina ya maswali haya. Ni mambo ambayo mtu yeyote angeweza kuyaona jikoni kwake akapita. Al-Biruni hakupita. Tena hakuridhika na jibu kwa sababu tu limetoka kwa mtu mkubwa. Majibizano yao yalifika mahali pa ukali, na huo ukali hatulazimiki kuuiga. Lakini ile tabia ya kudai dalili, sisi tunaosoma fikihi na hadithi tunaijua vizuri. Ndiyo ile ile ya kuuliza isnadi.

Baadaye alikaa Jurjan kwa mtawala Qabus bin Washmgir, na yapata mwaka 1000 akamtungia kitabu kikubwa cha kalenda za mataifa. Kisha akarudi Khwarizm, safari hii kwa wale wale waliokuwa wameupindua ukoo wa mwalimu wake. Mtawala wao, Abu al-Abbas Ma'mun, alimfanya mshauri. Ni huko Gurganj ndiko tunapokutana na dhahabu.

Chombo chenye shingo nyembamba

Tatizo alilolikabili al-Biruni ni lile lile la mjomba. Utajuaje kwamba madini haya ni safi, bila kuyaharibu? Kanuni ilijulikana tangu kwa Wayunani: kila kitu kikizama huondoa maji yenye ujazo sawa na wake. Dhahabu ni nzito sana kwa ujazo wake, hivyo huondoa maji kidogo. Fedha ya uzito ule ule huondoa karibu mara mbili. Ukiweza kuyapima maji yaliyoondolewa, umeijua dhahabu yako.

Kazi iko kwenye hilo neno kuyapima. Chukua pete ya dhahabu safi ya gramu 4. Maji inayoyaondoa ni kama gramu 0.2, yaani matone manne tu. Tone moja likibaki mahali, robo ya jibu lako imepotea. Mtu anaweza kukuapia kwa dhati ya moyo wake na bado akakudhulumu, kwa sababu ya tone moja.

Al-Biruni alitengeneza chombo cha umbo la pia, kipana chini na chembamba juu, chenye shingo. Karibu na juu ya shingo alitia mrija mdogo uliopinda kuelekea chini, na chini ya mrija akaweka kitanga cha mizani. Chombo kikijazwa maji hadi usawa wa mrija, ukitumbukiza madini, maji yanayozidi hutoka kwa mrija na kuangukia kitangani, ukayapima hapo hapo. Shingo aliifanya nyembamba kwa makusudi, ili hata kitu kidogo kikiingia maji yapande kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana alichagua kama wa kidole cha mwisho.

Ndipo tone likagoma. Maji yalifika kwenye mrija yakashikamana nao, hayakutoka yote. Al-Biruni hakusema maji ya Gurganj ni mabaya, wala hakuyaandika makosa hayo kama kwamba ni sahihi. Alikirudia chombo. Aliubadilisha mrija, akautoboa vitundu vidogo, akajaribu tena na tena mpaka maji yakatiririka bila kuzuiliwa. Kuhusu maji yenyewe, alishikilia yawe ya namna moja: upimaji ule ulifanywa kwa maji ya mto Jayhun, mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani. Haya tunayapata kwa al-Khazini wa Merv, aliyeihifadhi kazi hiyo katika kitabu chake cha Mizan al-Hikma mwaka 515 Hijria, yaani 1121.

Matokeo yake? Kwa kila mithqali 100 za dhahabu, maji yaliyoondolewa yalikuwa mithqali 5 na robo. Maana yake dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19.05. Vyombo vya leo vinasema 19.3. Kwa fedha alipata kama 10.3, na leo tunasema 10.5. Hiyo ni kazi ya mikono, jicho na subira.

Basi umbo linabadilisha nini?

Turudi Lumino kidogo. Lile jambo ambalo mjomba aliliita ngozi ya maji, wanafizikia huliita mvutano wa uso. Chembe za maji huvutana. Iliyo katikati huvutwa pande zote. Iliyo juu haina wenzake juu yake, hivyo uso wa maji hujibana kama unaotaka kuwa mdogo. Nguvu ya mvutano huo kwa maji safi yenye joto la nyuzi 20 ni kama milinyutoni 73 kwa kila mita. Joto likipanda hupungua. Sabuni ikiingia hushuka sana. Umbo la chombo halimo katika orodha hiyo. Maji yakiwa ndani ya bakuli, bilauri au dimbwi la Majanji, mvutano wake ni ule ule. Hapo ndipo mfano wa ngoma unapoachana na maji: ngozi ya ngoma huvutwa na fundi, ila uso wa maji hujivuta wenyewe, nao haujui ukubwa wa chombo.

Umbo hubadilisha kile kinachoonekana. Ukitumbukiza ndani ya maji mrija safi wa kioo wenye kipenyo cha milimita 2, maji hupanda ndani yake kama milimita 15. Ukitumia wa milimita 1, hupanda kama milimita 30. Mtu akiona hivyo atadhani mvutano umeongezeka maradufu. Ukipiga hesabu unapata namba ile ile ya mvutano. Kilichobadilika ni nafasi. Mrija wa al-Biruni ulishika tone kwa sababu ya wembamba wake, na maji yalibaki na tabia ile ile aliyoyaumbia Mwenyezi Mungu.

Hapa, ndugu zangu, tusimdai al-Biruni asichokidai yeye. Wako wanaopenda kusema kwamba kila kitu kiligunduliwa na Waislamu kwanza. Al-Biruni hakuijua kanuni ya mvutano wa uso. Hesabu yake ilikuja na Young wa Uingereza na Laplace wa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19. Alichofanya yeye ni kuiona athari yake, kukataa kuifumbia macho, na kuiondoa katika kipimo chake. Kwa mtu anayeujua uzito wa Sura ya Al-Mutaffifin kwa wapunjao vipimo, hilo si jambo dogo.

Mateka wa Ghazna

Mwaka 1017 waasi walimuua Ma'mun, na Sultani Mahmud wa Ghazna akaipata sababu ya kuivamia Khwarizm. Aliondoka na mateka wengi, al-Biruni akiwemo, pamoja na mwalimu wake wa zamani Abu Nasr. Akiwa na miaka 44, alihamishwa kwa nguvu hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo, kumtumikia mtu aliyeiteka nchi yake.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1018, alikuwa kijijini karibu na Kabul. Alitaka kupima latitudo ya mahali pale, na hakuwa na chombo hata kimoja. Roho yake ilikuwa na huzuni kubwa. Alichukua ubao wa kufanyia hesabu, akachora duara lenye vipimo nyuma yake, akaufunga uzi wenye uzito wa kuning'inia, akapima. Sisi tukikosa umeme usiku mmoja tunaahirisha kusoma.

Mahmud alivamia Bara Hindi mara nyingi. Al-Biruni alifika huko pia, akajifunza Kisanskriti katika umri ambao wengi huacha kujifunza, akakaa na wanachuoni wa Kihindu na kuandika imani na elimu zao kama wao wenyewe wanavyozieleza, bila kuzikejeli. Kitabu hicho alikimaliza mwaka 1030. Ndani yake alisema wazi kwamba vita vya Mahmud viliiharibu neema ya nchi ile na kuwafanya watu wake wawachukie Waislamu. Alimtaja hata mwenzetu wa pwani kwa mbali: alipoeleza umaarufu wa bandari ya Somnath, alisema ilikuwa kituo cha wasafiri wa baharini waliokwenda kati ya Sofala ya Zanj na China. Dhahabu ya Afrika ilipita huko huko.

Akiwa kwenye ngome ya Nandana, Pakistan ya leo, alipanda mlima, akapima jinsi upeo wa macho unavyoshuka chini ya usawa wa jicho, na kwa pembe hiyo moja na urefu wa mlima akakokotoa ukubwa wa dunia. Jibu lake lilikaribia sana tunalolijua leo.

Mas'ud, mwana wa Mahmud, alimpenda na kumheshimu, naye akamwandikia kitabu kikubwa cha elimu ya nyota, al-Qanun al-Mas'udi. Inasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea tembo aliyebeba mzigo wa fedha kuwa zawadi, al-Biruni akaurudisha kwa kuwa hakuuhitaji. Mwaka 1036 aliorodhesha maandishi yake mwenyewe, yakapita 100. Baadaye akaandika juu ya vito na madini, na uzeeni kabisa, macho na masikio yakiwa yamedhoofu, juu ya dawa.

Swali la mwisho

Alifariki Ghazna yapata mwaka 1050, akiwa karibu na miaka 80. Habari ya saa zake za mwisho imepokewa kutoka kwa mwanafikihi Abu al-Hasan al-Walwaliji. Alikwenda kumtazama, akamkuta pumzi zinamkwama kifuani. Katika hali ile al-Biruni alimkumbusha suala la mirathi walilowahi kulizungumza, la hesabu ya mabibi wasio na fungu, kama vile mama wa babu mzaa mama. Mwanafikihi alimhurumia, akaona huu si wakati wake. Mgonjwa akamjibu kwa maana kwamba kuiaga dunia akilijua suala hilo ni bora kuliko kuiaga hali halijui. Basi akamweleza, naye akarudia na kulihifadhi. Mwanafikihi akatoka. Akiwa bado njiani akasikia vilio.

Mimi nasoma mirathi muhula huu. Nikikutana na suala hilo la mabibi siwezi tena kulisoma kama swali la mtihani.

Katika maisha yake yote al-Biruni alimiminwa ndani ya vyombo vingi asivyovichagua: ukimbizi, jumba la Qabus, Gurganj, utekwa wa Mahmud. Vyombo hivyo viliamua afike wapi na apitie wapi. Havikuamua awe nani. Tena kwake mirathi na mizani ya dhahabu vilikuwa mlango mmoja: kila mwenye haki apate haki yake, hata ikiwa ni ya tone moja.

Nimempigia simu mjomba. Nimemwambia kwamba bilauri nyembamba haikuyakaza maji, hivyo asilitilie shaka umbo la chombo. Ila ngozi ile ya maji inaweza kunasa kipovu cha hewa juu ya kipande cha dhahabu, na kipovu ndicho kinachokibeba. Kwa kipande cha gramu 2 cha dhahabu safi, kipovu cha milimita 3 tu, ukubwa wa punje ya mtama, kinatosha kushusha jibu kutoka 19 hadi 17. Pengine ndicho kilichotokea, pengine sicho. Dhahabu imekwisha uzwa na hatuwezi kuirudia. Safari ijayo akilowanishe kipande kwanza, akipanguse kwa kidole chenye maji, atazame kwamba hakuna kipovu na kwamba hakigusi ukingo wa chombo, kisha ndipo mizani isomwe mbele ya wote wawili, muuzaji na mnunuzi.

Aliniuliza nimeyajifunza wapi hayo, na mimi nasoma dini. Nilimwambia ndiyo, nasoma dini.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Rayhan, atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa watu wa vipimo vilivyokamilika. Amin.

Wabillahi tawfiq.